Jukwaa Linahamia kwa Suhail

Shangani, Jumanne

Mdogo wangu Nassra,

Bi Sichana, msimamizi wetu, ametangaza kikaoni leo alasiri kwamba jukwaa letu la mtandaoni, ambako wanawake wa Unguja huandika shida za ndoa kwa majina ya kupanga, litahifadhiwa na Suhail, mpwa wa mumeo Gharib. Kampuni ya ng'ambo iliyokuwa ikilihifadhi inafunga kazi.

Mwenzetu Saroj alipendekeza kampuni nyingine ya mbali. Bi Sichana akamcheka: "Siri zetu tumpe Mzungu asiyetujua, na mtoto wetu yupo Bububu?"

"Asiyetujua ndiye anayetufaa," nikasema.

"We Mayasa, kazi ya gazeti imekutia wasiwasi!"

Walicheka wote, wakanyoosha mikono, Suhail akapita. Nilimpigia simu kumuuliza ataona nini. "Kila kitu, Bi Mayasa. Hata yaliyofutwa, na namba ya simu ya kila aliyeandika."

Mama hajambo. Dirisha la ukumbini limetiwa kioo kipya.

Sikuulizi nani anajiita Ua la Mkadi jukwaani. Mwaka jana uliniambia umeanguka bafuni ukavunjika mkono. Yeye ameandika mkono huohuo, mwezi huohuo, na kwamba mumewe ameapa kumuua akilitoa jambo hilo nje.

Sukaina anasafiri kuja huko usiku huu na atakupa barua hii mkononi. Ichome. Suhail anapokea kila kitu Jumamosi asubuhi. Tiketi zenu, wewe na mwanao, ni za Alkhamisi: ndege inaondoka Muscat saa nne asubuhi, Gharib akiwa kazini.

Dada yako,
Mayasa