Mashine ya Marehemu Juu ya Kinga

Jumatano, 5 Juni

Tena nimepiga pompi mupira wa nyuma wa kinga, baiskeli yangu hii. Mara ya tatu tangu nifike huku kwa shemeji, mbali nyuma ya Kinsevere, fasi gari hazifiki. Kesho narudi Lubumbashi kwa kinga na mashine ya kushona ya marehemu muke wangu, iliyokaa huku kwao. Kichwa ya chuma, miguu ya chuma, meza ya mbao. Binti yetu Mbuyi amemaliza masomo ya kushona, na bila mashine hana kazi. Ikianguka, basi.

Papa Mukalay, mubeba makala, makaa ya kupikia, mpaka mujini kwa kinga yake, atanisindikiza. Nimemuambia nitafunga muzigo mwenyewe. Nilifundisha hesabu miaka makumi tatu, bwana.

Alhamisi, 6 Juni

Nilifunga alfajiri na kamba ya maganda ya muti. Nikajivuna. Papa Mukalay alizunguka kinga, akainua gurudumu ya mbele kwa kidole moja. Ikapanda: uzito wote ulikuwa nyuma. Hakucheka. Akafungua yote.

Hasira ilinishika, halafu ikaniacha. Mikono yake ile! Chuma chini, karibu na ekseli, pande mbili sawasawa. Meza juu, maana iko nyepesi. Fimbo moja kwenye usukani, ingine nyuma ya kiti, ili muntu aongoze akitembea kando. Kati ya chuma na chuma akaweka vitenge vya marehemu. Kile cha njano alichopenda kilikuwamo. Nililia kidogo, nikageukia ukuta.

Alinionya: kamba yenye umande inakaza, ikikauka inalegea. Jua ikipanda, simama, kaza tena. Nilimujibu ndiyo, ndiyo, na tukaondoka.

Ijumaa, 7 Juni

Mi mupumbavu.

Jua ilipanda. Yeye alisimama kukaza makala yake. Mi niliona muteremko muzuri, nikapita. Katikati kamba ikalegea, kichwa ya mashine ikainama upande wa shimo ya kando ya njia. Nilishika fimbo, miguu inaburuzwa. Nilimuita marehemu kwa jina.

Papa Mukalay aliacha kinga yake ianguke na magunia yake tatu. Akakimbia, akaweka bega chini ya chuma. Akakaa vile, bila kutikisika. Damu kwenye shati. Muntu mwembamba, mwenye kunipita miaka. Sijaona nguvu kama ile maisha yangu yote.

Alisema tu: “Mwalimu, kaza. Mi naishika.”

Nikakaza. Halafu tuliokota makala yake, moja moja, mpaka jua ikainama. Gunia moja ilibaki vumbi tupu. Akafunga tu mbili zilizobaki. Nina haya sana.

Jumamosi, 8 Juni

Tumekaza mara tisa. Kila mupando, babeba makala bengine banaacha kinga zao, banasukuma zetu mpaka juu, banarudi chini kwa zao. Hakuna mwenye kuomba. Nilitaka kushukuru, Papa Mukalay akanikataza. Kwao mupando iko ya bote, si ya muntu moja.

Na mi, miaka yote hii, nilipokea makala mulangoni nikilalamika kwamba iko na vumbi.

Jumapili, 9 Juni

Tumefika nyumbani, Lubumbashi. Mashine haina hata mukwaruzo. Mbuyi ameipaka mafuta, ameweka uzi. Papa Mukalay amekaa karibu na mulango, kifua wazi, bega iko na bandeji, anakunywa chai. Mbuyi hakuniuliza aanze na nini. Anashona shati ya Papa Mukalay, pale ilipopasuka kwenye bega.