Kulwa anajidunga mwenyewe

Remera, Kigali

Mama, shikamoo. Huku asubuhi kuna baridi, na maharage ya dada yananukia hadi barabarani.

Tangu usikie Kulwa ana kisukari, unauliza imekuwaje yeye aliyezaliwa mzito, na si pacha wake Doto, tuliyemlea kwenye pamba. Daktari ameniambia uzito wa kuzaliwa pekee hauamui nani ataugua, wala si kosa la mtu.

Jana kabla ya chakula Kulwa alijidunga insulini mwenyewe, mkono umetulia. Nikageuza uso.

"Mama mdogo, tazama tu, nimeshamaliza."

Doto hakugusa sahani yake mpaka pacha wake alipokaa. Ungewaona wajukuu wako, mama, ungetembea kifua mbele kama mimi.

Mungu akutunze.

Mwanao, Koku