Spika Zilizotazama Ziwa

Kamanga, Jumapili

Wifi yangu Kokulinda,

Mama hajambo, na migomba uliyotuachia imeshika. Bendi bado inapiga kila Jumamosi pale ufukweni. Tangu tumzike kaka yako walielekeza spika ziwani, wasitusumbue wafiwa. Majirani wakanisifu kwa utulivu. Kumbe nilikuwa nakaa dirishani nimetega sikio, naambulia ngoma tu.

Jana nilishindwa. Nilimwambia Maige, kiongozi wa bendi, azigeuzie kwetu.

“Nani karuhusu, shemeji?”

Nikataja jina lako.

Nimecheza jikoni peke yangu, wifi, na nguo zangu za msiba.

Aliyekukabidhi barua hii ni Maige mwenyewe. Anasubiri kukushukuru. Nakuomba usinikane.

Wifi yako,
Evelina