Kwa Binti Yetu, Mlinzi wa Sumaku: Kuhusu Chuma Ambacho Hakikuwamo Jichoni Mwangu

Mwaka umezunguka, mwanangu, tangu Jumapili ile ulipotuacha saa nne asubuhi, kwenye kitanda cha dirishani, wodi ya juu, mama yako akiwa amekushika mguu na mimi nimeshuka chini kujaza chupa ya maji. Niliporudi chupa ilikuwa imejaa. Mpaka leo sijui niliipeleka wapi.

Watu wakiandika kumbukumbu huweka picha nzuri na maneno machache. Wewe unanijua. Maneno machache sijawahi kuwa nayo.

Kwa miaka kumi na saba ulisimama mlangoni mwa chumba cha mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, upande wa utafiti, ukihakikisha hakuna anayeingia na chuma. Wenzako walikuita Askari wa Mlango. Ile mashine ni sumaku isiyolala. Hata taa zikizimwa, hata watu wote wakienda kula, inavuta tu. Ulisema watu hawaamini kwa sababu sumaku haionekani wala hainuki. Huamini siku wanapoona mkasi unaruka.

Ulimsimamisha profesa mwenye haraka zake ukamvua mkanda. Ulimrudisha msafishaji na ndoo yake, kisha ukamtafutia ya plastiki. Kuna bibi mmoja aliyekataa kutoa kibanio cha nywele kwa kuwa alipewa na marehemu mumewe. Ulikishika wewe kwa dakika zote arobaini, umesimama pale anapoweza kukuona kupitia kile kioo kidogo kilichomo ndani ya mashine, ili ajue hakijapotea.

Swali lako lilikuwa moja, na uliliuliza mara tatu: una chuma chochote mwilini? Mara ya kwanza watu hujibu haraka, ulituambia. Mara ya pili hukasirika. Mara ya tatu ndipo hukumbuka.

Nyumbani tulikucheka. Sketi zako zote za kamba, zipu hakuna. Hereni hukuvaa. Kaka yako akikuona unaingia alikuwa anainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Nipekue, afande, nina kijiko tu!" Nawe unampekua kweli, mpaka anaomba msamaha.

Na mimi baba yako, niliyeishia darasa la saba na kujifunza kukereza vyuma kwa kuchungulia dirisha la karakana ya mtu, niliitangaza kazi yako kwa namna yangu. Niliwaambia majirani kwamba siku sumaku ile ilipowashwa, misumari ya mabati mtaa wa pili ilichomoka yenyewe, na jogoo mmoja aliyemeza sindano alitembea kinyumenyume mpaka kwenye geti la hospitali. Ulikuwa ukitikisa kichwa. "Mzee Chumvi, iko siku utatutia aibu." Lakini ulikaa ukasikiliza mpaka mwisho. Siku zote ulikaa mpaka mwisho.

Kati ya hadithi zangu zote, uliyoipenda tangu utotoni ni ya jicho. Kwamba nilipokuwa kijana chembe ya chuma iliruka kutoka kwenye grainda ikaniingia jicho la kushoto, daktari akasema tuiache maana imekaa pazuri. Kila mwaka niliongeza. Ulipokuwa na miaka sita ilikuwa chembe. Ulipofika kumi ilikuwa kipande. Ulipoolewa kipande kilikuwa kimeshasafiri, kimeshuka shingoni, kimetulia begani, nacho kilinijulisha mvua siku mbili kabla. Ulikuwa ukiligusa bega langu kwa kidole, polepole, usije ukakiumiza.

Hakikuwepo chuma, mwanangu. Nyuki aliniuma chini ya jicho, uso ukavimba, nikaona haya kumwambia msimamizi kwamba nimekosa kazi siku tatu kwa sababu ya nyuki. Ndiyo yote. Nayaandika haya gazetini kwa sababu wote niliowahi kuwapa hadithi ile wanasoma gazeti hili.

Saratani ya damu ilipokushika hukutuficha kitu. Ulinikalisha kwenye kiti cha wodini ukanieleza kama fundi kwa fundi. Ukasema jeni ni taa, na kila seli ya mwili ina taa za nyumba nzima, ila swichi ndizo zinazoamua ipi iwake na ipi izimwe. Seli ya jicho inawasha za jicho. Seli ya ini inawasha za ini. "Sasa baba, kwenye damu yangu kuna swichi ya kuzaana imenasa. Inawaka tu, haizimiki."

Nikakwambia, "Basi nipe bisibisi."

Ulicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Mimi sikuwa nafanya utani. Ningeingia na bisibisi.

Kulikuwa na utafiti katika jengo lilelile ulilofanyia kazi. Walichukua seli zako za kinga ili wazifundishe kwenye maabara, waziwekee jeni mpya ya kuutambua ugonjwa, kisha wazirudishe mwilini zikapigane. Zikagoma kuota. Dawa za mwanzo zilikuwa zimezichosha. Ikabidi zitoke kwa ndugu. Kaka yako aliwahi kuugua homa ya ini, wakamkataa. Mama yako ana sukari, wakamkataa. Nikabaki mimi, mzee mzima kama chuma cha pua, na sijawahi kufurahi kama siku ile waliponiambia damu yangu inafaa.

Sharti lilibaki moja. Kila mtoa seli apigwe picha ya mifupa kwenye MRI, waone uboho wake ni salama. Na watafiti walipewa mashine siku moja tu kwa wiki, Alhamisi. Siku nyingine ni za wagonjwa wa kawaida.

Alhamisi ya kwanza uliomba ushushwe kwa kiti cha magurudumu. Ulisema huwezi kukubali baba yako apite mlango wako na wewe hupo. Dada wa zamu akashika fomu.

"Mzee, una chuma chochote mwilini?"

"Sina."

"Una chuma chochote mwilini?"

"Binti, nimesema sina."

Akavuta pumzi aulize mara ya tatu. Wewe ukamtangulia.

"Jicho la kushoto, baba."

"Ile ni hadithi, mama."

"Hadithi gani ina miaka thelathini na tano na bado inakua?"

"Ndivyo zilivyo hadithi zangu. Naapa, hakuna kitu humu."

"Uliapa pia kwamba ulichonga ekseli ya treni kwa tupa ya kucha." Ulikuwa unatabasamu, lakini mkono wako ulikuwa tayari umeshika ukingo wa mlango. "Baba, kama kipo kitageuka humo ndani, na jicho litakwenda nacho. Sitaki nipone halafu nikukute kipofu. Apigwe eksirei kwanza. Jicho, shingo, bega na kifua, maana kinatembea hicho."

"Wewe ndiye mgonjwa," nikasema. "Muda ni wako!"

"Na mlango ni wangu."

Nikalia. Hukuwahi kunisikia nikilia kabla ya siku ile, ukadhani naigiza. Sikulaumu. Nilikuwa nimeitumia sauti ile mara nyingi mno kwa mambo ya upuuzi, na siku nilipoihitaji kwa jambo la kweli haikuwa na thamani tena.

Eksirei zilipigwa kesho yake, lakini kwa sababu chuma changu kilikuwa msafiri, zilikuwa nyingi, na mtaalamu wa kuzisoma na kutia sahihi hakumaliza hadi jioni ya Alhamisi ya pili, zamu ya utafiti ikiwa imekwisha. Karatasi ikarudi na mstari mmoja: hakuna chuma popote. Alhamisi ya tatu ndipo nikaingia. Ulikaa kwenye chumba cha kioo, umefunikwa blanketi, ukanisemesha kwa kipaza sauti wakati mashine inagonga kama mafundi kumi wa mabati. "Tulia, baba. Bado dakika nane." Ilikuwa kazi yako ya mwisho, na uliifanya bila kosa.

Jumatatu yake walinichomeka sindano mikono yote miwili. Damu ikatoka huku, ikachujwa, ikarudi kule, kwa muda wa saa tano. Niliziambia seli zangu ziende zikapige kazi, zisipige soga kama mimi. Maabara wakasema zitahitaji siku kumi na tano kulelewa. Zikaota vizuri ajabu. Kila asubuhi nilipiga simu kuuliza habari zao kama mtu mwenye wajukuu bwenini.

Zilikuwa tayari Jumanne. Wewe uliondoka Jumapili.

Alhamisi mbili ni siku kumi na nne, mwanangu. Wewe ulikosa siku mbili. Nimepiga hesabu hii kwenye kalenda, nyuma ya bahasha, na kwa chaki kwenye mlango wa banda langu la vyuma. Mimi niliyezoea kuzidisha kila kitu, hii haizidi wala haipungui.

Nilimwendea daktari wako. Mara ya kwanza alinishika bega akasema, "Mzee, siku zile hazikubadilisha kitu. Ugonjwa ulishakwenda mbali." Nikamtazama. Nimetunga maisha yangu yote, naujua uongo wa huruma unavyosikika. Nikarudi baada ya mwezi. Akasema, "Mzee, pengine zisingesaidia." Nikaenda nikasoma vitabu vyako, vile vyenye kurasa ulizopiga mstari, kamusi pembeni, neno kwa neno. Nikarudi tena na maswali yangu kwenye daftari. Aliyasoma yote. Alivua miwani. Akasema, "Sijui."

Hilo ndilo nililomwamini.

Mwezi wa sita walipiga simu kuuliza seli zangu zifanyiwe nini. Zipo bado, kwenye tangi la baridi kali, zimefundishwa, ziko tayari, hazina pa kwenda. Niliwaandikia wazitumie kwa utafiti. Fomu ina nafasi kubwa chini, imeandikwa "maelezo ya ziada". Mhudumu akaniambia nijaze chochote nitakacho. Nikairudisha wazi.

Hadithi nimeacha. Majirani wanadhani ni uzee. Binti yako aliniomba moja wiki iliyopita, amekaa magotini pangu na ile miguu yake mirefu kama yako. Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akanisubiri. Akaniambia, "Basi babu, sema hata ya uongo." Nikamwambia nenda ukamwone bibi.

Karatasi hii nilimsomea mama yako kabla ya kuipeleka gazetini. Nilidhani ataniambia nikate sehemu ya nyuki, au atasema anarudi nyumbani kwao, basi. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

"Nyuki nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwani nani alikukanda ule uso? Tulikuwa majirani, umesahau? Ulipiga kelele mtaa mzima ukasikia."

Nilikuwa nimesahau. Hadithi ilikuwa imemfunika hata mtu aliyekuwepo.

"Sasa mbona hukumwambia mtoto?" nikauliza.

Akaketi kitandani na shuka mkononi. "Aliniuliza. Ijumaa ile ile, nikimpaka mafuta miguuni, wewe umekwenda eksirei. Akasema, mama, ile ya jicho ni kweli? Nikasema sijui."

"Lakini ulijua!"

"Nilijua ya nyuki. Umesimama miaka thelathini mbele ya grainda bila miwani, mzee. Ningejuaje kama hamna chembe nyingine? Ningesema hadithi ile ni uongo, wakakuingiza Alhamisi iliyofuata, ukatoka huoni..." Akakunja shuka upya, ingawa lilikuwa limeshakunjwa. "Niliogopa kuwapoteza wawili. Nikaona siku chache si kitu. Nilidhani ni siku chache."

Nikaketi kando yake. Nilitaka kumwambia kwamba hazikubadilisha kitu. Nilikuwa nayo mdomoni, imepangwa vizuri, kwa ile sauti ya daktari ya mara ya kwanza. Nilishindwa. Yeye angeijua mara moja.

Akasema, "Andika na hilo." Nimeandika.

Kwa hiyo sasa tunalibeba wawili, na mzigo haujapungua hata kidogo. Ulitulinda sote mlangoni pako, na ulikuwa sahihi kwa kila ulilotenda. Ulimwamini baba yako, na mama yako akanyamaza kwa kumpenda baba yako. Hatukuombi kitu. Tungependa tu mtu, yeyote, aje atuambie bila huruma ingekuwaje.

Wanaokukumbuka ni mama yako. Mumeo, ambaye bado anatoa funguo mfukoni kabla ya kupita mlango wowote. Binti yako, aliyefika darasa la nne na kukupita kwa ukaidi. Kaka yako na mkewe. Wenzako wa chumba cha sumaku, ambao wameacha kiti chako kwenye kioo. Na mimi, baba yako.

Hakuna siku tutakayokusahau, mwanangu, na hakuna siku tutakayojua.