Kimeo Kimekatwa na Bado Nakohoa

Kawajense, Mpanda
Novemba 1976

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Hujambo na kazi za shamba? Najua sasa mnasubiri mvua, na goti lako likianza kuuma ndipo mnajua iko karibu. Na mwanangu Neema, anakula vizuri? Mimi huku ni mzima. Neno hilo nimeliandika kwa makusudi, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Barua yako nimeipata. Unasema Neema hataletwa Mpanda hata shule zikifungwa, kwa kuwa mama yake ana kifua kikuu na maradhi hayo hayajui undugu. Mama, nimekasirika, sitakuficha. Nimepima makohozi, nimepigwa picha ya kifua, majibu nilikuandikia kwamba hakuna kitu. Lakini umewasadiki wanawake wa kisimani kuliko hospitali.

Likizo iliyopita nilikubali kila ulilosema. Ulinitengea sahani na kikombe, nikavitumia. Ukamlaza mtoto chumbani kwako, nikalala peke yangu. Halafu ukamleta yule mzee mkata kimeo, ukasema kikohozi kisichokoma ni kimeo kimerefuka na kinatekenya koo. Sasa niambie, kama ni kifua kikuu, kimeo kilikosa nini? Nikafungua mdomo kama ndama anayenyweshwa dawa, akakikata kwa wembe, na kwa siku nyingi nilimeza hata mate kwa machozi. Kimeo kimebaki Mpwapwa, kikohozi nimepanda nacho treni kurudi kazini.

Huku mambo yalizidi. Asubuhi naamka sina sauti, nafundisha kwa kuandika ubaoni na kuonyesha kwa fimbo. Mwalimu mkuu akaanza kusema nipumzishwe. Kooni nasikia tonge limekwama, nameza halishuki. Mama Leonsia, mwenye nyumba wangu, ambaye ni Mpimbwe wa huku huku na ana jibu la kila kitu, akasema ni mwiba wa samaki.

"Nyie watu wa Ugogo samaki hamjui kula," aliniambia. "Meza ugali mkavu bila kutafuna, utausukuma."

Nilimeza matonge mpaka tumbo likajaa. Mwiba haukusukumwa kwa sababu haukuwapo.

Nikarudi hospitali na hasira zangu. Daktari aliyepo sasa akanifungua mdomo, akauliza kimeo kiko wapi. Nikamwambia kiko kwa mama yangu. Hakucheka. Akatazama meno ya nyuma, akasema yamelika, akauliza kama naamka na ladha ya uchachu mdomoni. Ni kweli, naamka nayo, ila sikuwahi kumtajia mtu. Kisha akaanza kuniuliza habari za chakula, nami nikaona ananipotezea wakati. Nikamjibu tu. Jioni nafundisha kisomo cha watu wazima, nikitoka nakuta wali wa Mama Leonsia na pilipili juu, nakula mpaka nashiba kwa kuwa mchana sikula la maana, nateremshia chai ya rangi, najitupa kitandani na kanga bado imenibana kiunoni.

"Ni maji makali ya tumboni," akasema. "Ukilala tumbo limejaa, yanapanda mpaka kooni. Hayo ndiyo yanakukohoza, na sauti na meno yameliwa nayo."

Nikabisha. Kiungulia nakijua, nilikuwa nacho nilipokuwa na mimba ya Neema, na sasa kifua hakiniungui hata kidogo. Akasema wako wengi wasioungua kifua kabisa, wanakohoa tu au sauti inawakauka, na hao ndio wanaohangaishwa huku na huku. Mama, nilitaka kulia pale pale, kwa kukumbuka ule wembe.

Akanipa vidonge vyeupe vya kutafuna, ladha yake kama chokaa. Akaniambia nile kabla ya kwenda kisomo, tena kidogo, nisilale mpaka chakula kimeshuka, pilipili na chai niviache, kanga niilegeze. Na miguu ya kitanda ya upande wa kichwani niiwekee matofali. Nilipokuwa nayapanga chumbani, Mama Leonsia akaja mlangoni.

"Mwalimu, hicho kitanda umekiinamishia nani?"

Nilieleza mpaka nikachoka. Akasema sawa, lakini kama wali wake umenichosha ningesema tu. Siku hizi ananipakulia mapema, ila anaweka sahani chini kwa kishindo.

Sikupona upesi, nikamkasirikia hata daktari. Lakini sasa nalala bila kukohoa, na lile tonge la kooni nalisahau siku nzima. Asubuhi bado nakwaruza kidogo. Sisemi nimepona kabisa. Nasema sijawahi kuwa na maradhi ya kumwambukiza mwanangu, na tangu baba yake afariki sina mwingine.

Kwa hiyo shule zikifungwa naja kumchukua. Usiniandikie kunizuia. Na yule mzee asiguse koo la Neema, hata akikohoa namna gani.

Nisalimie baba mdogo na kifua chake cha kuimba kwaya, na shangazi aliyenipikia uji nilipokuwa siwezi kumeza. Mkata kimeo usimsalimie.

Dada ameniandikia kwamba Neema akisikia jina langu huuliza, "Yule anayekohoa?" Mama, nikifika akinikimbia, usimvute mkono kumleta kwangu. Ulimfundisha kukaa mbali nami, na ameshika somo. Mwache anitazame kwanza, anisikie nikiongea. Nitaketi chini hapo hapo uani nimsubiri.

Mwanao, mwenye hasira na anayekupenda,
Yudita