Shangazi Nyangi kaliona gemu letu

Beryl, nakuandikia mikono bado ina unga.

Nilikuwa nasonga ugali. Shangazi Nyangi akasimama mlangoni na simu ya mdogo wangu Mniko mkononi. Gemu letu tunalolitunga! Sehemu ya tano!

"Huyu msichana anayevaa suruali ya kaka yake ili ashuke kwenye shimo la dhahabu ni nani?"

Nikasema ni wa kubuni tu. Nilimdanganya shangazi, Beryl, mwiko mkononi!

"Wa kubuni? Si mimi niliyekusimulia walivyotukataza wanawake kule Nyamongo, eti tukishuka dhahabu itakimbia? Tangu sehemu ya kwanza ni mimi!"

Nikajua anataka tulifute. Kazi yetu yote. Na pa kutokea hapakuwepo, mlango kauziba. Ugali ukaanza kuungua.

"Nisamehe shangazi, tutalifuta."

"Nani kasema mfute? Geuza ugali wewe!"

Akaitazama tena simu. Alipoongea tena sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kumsikia hivyo.

"Sehemu tano zote anashuka peke yake. Mimi sikuwa peke yangu. Juu alikuwepo mama yako, ameshika kamba. Mbona yeye hukumweka?"