Mwanga wa Upande wa Kushoto

Kwa Kaka,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa wanangu wote hapo nyumbani. Natumaini mna afya, na koo lako halijakauka kwa kufundisha. Mimi sijambo, duka la vioo linaendelea. Mama hajambo kiasi cha mtu aliyetoka kukatwa. Jicho lake lililobaki limetolewa Jumanne asubuhi. Lile jingine, kama ujuavyo, lilikufa tukiwa wadogo. Kwa hiyo mama hana jicho sasa, Kaka. Ana makovu mawili.

Uliniambia kwenye simu kwamba nimekuza mambo, kwamba nilimchukua mama kama mwizi wa kuku. Naona nikuandikie, maana kwenye simu hunipi nafasi. Unaanza Kiingereza chako, mimi natafuta neno, salio linakwisha.

Siku ile nilifika bila kukuarifu. Kwa miezi mingi nilikuwa nikiuliza habari za mama na wewe ukinijibu kwamba yuko chumbani kwake, amepumzika. Nikakuamini, kwa sababu chumba chake nakijua. Lile dirisha la mbele nililiweka mimi, kioo cha kwanza kizima nilichokata kwa mkono wangu baada ya miaka minne ya kufagia vipande kwenye karakana za wenzangu. Nilitaka jua la asubuhi limguse miguu akiamka.

Nilipoingia uani nikaisikia sauti yako ikitoka kwenye dirisha hilo hilo. Nikachungulia. Madawati, ubao, wanafunzi wamebanana. Ubaoni umeandika neno moja, glimmer, nawe unalieleza. Ukawaambia ni mwanga hafifu, unaotetereka, kama mshumaa nyuma ya pazia. Ukasema pia ni dalili ndogo ya kitu, hasa matumaini, pale mtu anapokuwa hana kingine cha kushika. Kisha ukawaambia Waingereza hulipenda zaidi wanapokanusha, kwamba ukisema hakuna hata chembe ya mwanga huo, basi umeshafunga mlango. Sitakunyima haki yako, ulieleza vizuri. Nilisimama pale na begi langu nikajiambia kweli majirani hawakukosea kukuita Kamusi.

Ndipo nikasikia sauti ya mama nyuma ya ukuta, inatoka stoo, ikiuliza kama kumekucha. Darasa zima likamjibu kwa pamoja, kama wimbo, kwamba bado, bibi, alale. Jua lilikuwa utosini. Wewe ukacheka, ukafuta ubao.

Stoo ile ni futi sita kwa saba. Haina dirisha, ina tundu la hewa juu, upande wa kushoto. Nilikuta umepanga kila kitu kama kilivyokuwa chumbani: kitanda kile kile, kigoda upande ule ule, kanga zake kwenye msumari wa urefu ule ule. Hata mkeka uliukunja kwenye kona yake, ili akipapasa asijue kwamba amehamishwa. Ulifanya kazi ya uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kuona ukiifanya. Ulikuwa umebakiwa na kitu kimoja tu usichoweza kukihamisha: dirisha.

Mama alinipapasa uso akanitambua kwa kovu la kidevuni. Akanieleza habari zake kwa kunong'ona, asikusumbue. Akasema zamani mwanga ulikuwa ukimjia miguuni kila asubuhi, sasa umehamia kushoto, juu ya kichwa, mdogo kama punje ya mchele, tena huja mchana. Alikuwa amekuuliza. Ukamwambia ni macho yanayokufa, hudanganya hivyo. Akasema baba, maana ndivyo anavyokuita, baba amesoma, anajua. Akawa anajifunza kutouamini.

Nilipokuita pembeni ulinijibu kwa mzaha wako. Ulisema dirisha kwa kipofu ni kama kitana kwa mwenye upara, na kwamba mimi mfanyabiashara nihesabu mwenyewe: chumba kimoja, madarasa matatu kwa siku. Nikakuuliza jicho lake mbona jekundu na linatoa machozi. Ukasema vumbi la chaki. Nikamfunga mama kanga kichwani, tukaondoka. Wifi peke yake ndiye aliyetusindikiza hadi barabarani.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo unapodhani sijui.

Nilimpeleka hospitali ile ile uliyompeleka wewe mwezi wa tatu, kwa daktari yule yule mgeni asiyejua Kiswahili. Safari hii nesi alikuwapo wa kutafsiri. Daktari alimkumbuka mama. Akaeleza kwamba ukungu mweupe ulikuwa umefunika kioo cha jicho chote, mboni haionekani, hivyo hakuwa na cha kutegemea ila jibu la mgonjwa mwenyewe. Wakazima taa za chumba. Akamulika tochi ndogo kutoka juu, chini, kulia, kushoto, akiuliza kila mara kama anaona chochote. Kama angeona, hata hafifu kiasi gani, jicho lilikuwa hai, angelazwa apasuliwe wiki ile ile. Nesi siku hiyo alikuwa ameitwa wodini, na wewe ulijitolea kutafsiri, ukamwambia daktari ndiyo kazi yako. Anakumbuka jibu lako kwa sababu Kiingereza chako kilimpendeza. Mara nne ulisema hakuna hata chembe. Ulitumia neno lile lile la ubaoni.

Nikamwuliza mama, taratibu, siku ile ya tochi alijibu nini. Alitabasamu. Akasema alijibu yote: juu, chini, kulia, kushoto. Akasema alitaka kunyoosha kidole, ukamshika mkono ukamwambia daktari hapendi hivyo, akunong'oneze wewe, wewe utafikisha. Akanong'ona sikioni mwako, Kaka. Mara nne.

Nesi alipotafsiri hayo, daktari aliweka kalamu chini. Alisema mwezi wa tatu lilikuwa suala la kubadilisha kioo cha jicho. Sasa kidonda kimetoboa, uchafu umeingia ndani, lisipotolewa utapanda kichwani. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mama aliambiwa asitazame, na mwanawe.

Nimekaa na jambo hili nikitafuta sababu nyingine, kwa sababu wewe ni damu yangu. Sikuipata. Angepasuliwa angeona, angeona angeuliza stoo ni ya nani. Umeuza jicho la mama kwa nafasi ya madawati kumi na mawili.

Na sasa lile linaloninyima chakula. Jumatatu jioni, kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji, mama alinishika mkono akaniuliza swali moja. Aliuliza kama ule mwanga wa upande wa kushoto ulikuwa wa kweli. Alisema kama ulikuwa wa kweli, basi hili jicho analokwenda kutolewa halikuwa limekufa, na angependa kujua. Kama haukuwa wa kweli, atalala salama. Nikamwambia haukuwa wa kweli, mama, macho yalikudanganya, Kaka alijua. Akashusha pumzi. Akasema afadhali. Hivyo nami nimekutafsiria, Kaka. Umenifanya mwenzako, na sikubali kubaki hivyo.

Madawati yako yako uani. Vijana wangu waliyatoa jana, nyumba ni ya mama na funguo za mbele ninazo. Kamusi zako zimo kwenye gunia, hazijaloa.

Mama anakusalimu sana. Ameniagiza niandike kwamba anakushukuru kwa kumfikishia maneno yake kwa daktari, na kwamba usijilaumu, umefanya uwezavyo. Nimeyaandika kama alivyoyasema, sikupunguza.

Utakuja ukae mbele yake, umwambie kwa mdomo wako kwamba alikuwa anaona. Sitaki maelezo, sitaki methali, sitaki simu ya wifi. Ukinyamaza nitamwambia mimi, nitamwambia na habari ya wanafunzi waliokuwa wakimjibu kwamba ni usiku saa za mchana, na nitamwambia ulicheka. Nataka neno moja, kabla ya Ijumaa saa sita mchana: unakuja, au huji?

Mdogo wako wa tumbo moja,
Mwenye duka la vioo